NEPI YA MTOTO NA SALA YA MAMA

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemleta mwanadamu duniani hali ni dhaifu, asiyeweza kujiondolea hata uchafu wake mwenyewe, kisha akawatilia wazazi wake huruma ya kumwondolea. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika mji wa Kilosa na vijiji vyake, na katika Mikumi iliyo juu ya njia kuu iendayo Iringa, liko neno lisemwalo na wanawake wa Kiislamu, nalo limezoeleka hata halimshitui mtu. Mwanamke huulizwa na mwenziwe, "Mbona siku hizi husali, dada?" Naye hujibu, "Mimi nina mtoto mchanga, dada yangu, nguo zangu zote mkojo. Nitasali akishakua." Muulizaji hutikisa kichwa, kwani naye alijibu vivyo hivyo alipokuwa na wake, na mazungumzo hugeukia bei ya mchele.

Neno hili ni zito kuliko linavyosikika. Mtoto huchukua kama miaka miwili hata akajua kwenda chooni. Mwanamke aliyejaaliwa watoto watano, akaiacha sala miaka miwili kwa kila mmoja, ameiacha miaka kumi. Miaka kumi ya Kiislamu ina siku 3,540, na kila siku ina fardhi tano, jumla yake ni sala 17,700. Zitolewe siku zote za nifasi na za hedhi, ambazo sheria imemwondolea, bado hazishuki chini ya 12,000. Na zote hizo, kwa madhehebu ya Imamu Shafii yafuatwayo na Waislamu walio wengi wa nchi hii, ni deni linalomngojea alilipe.

Basi suali ni hili: sala hizo 12,000 amezipoteza nani?

Jawabu la upesi ni kumtupia mama lawama. Mtoa mawaidha huzitaja khabari za makaburi mawili aliyopita Mtume, akaeleza kwamba wenyewe wanaadhibiwa, na mmoja wao ni kwa sababu hakuwa akijikinga na mkojo. Khabari hii ni sahihi. Lakini mwanamke aliyeambiwa hiyo peke yake hurudi nyumbani amezidi kuuogopa mkojo, wala hakuzidi kujua namna ya kuuondoa. Na kwa hofu hiyo huuweka msala wake mbali zaidi, akidhani kwamba kutosali kabisa ni heshima kuliko kusali na shaka. Hivyo mawaidha yaliyokusudiwa kumrudisha ndiyo yaliyomfukuza.

Na sheria yenyewe haikuwa ngumu kiasi hicho. Ummu Qays binti Mihsan alimchukua mwanawe mdogo, ambaye hajaanza kula chakula, akampeleka kwa Mtume. Mtume akampakata, na mtoto akamkojolea nguoni. Wapokezi wa khabari hii, nao ni Bukhari na Muslim, hawakutaja neno la ukali kwa mama yule. Walitaja kwamba Mtume aliagiza maji, akayanyunyiza mahali pale, wala hakuifua nguo. Kwa hadithi hii wanavyuoni wa Kishafii wakauweka mkojo wa mtoto wa kiume, ambaye hajatimiza miaka miwili wala hajalishwa ila maziwa, katika najisi khafifu: yatosha kunyunyiza maji yakaenea pote palipopatwa. Mkojo wa mtoto wa kike hufuliwa kama najisi nyingine za katikati. Tende au asali aliyoonjeshwa mtoto siku ya kuzaliwa haimtoi katika wepesi huo. Uji humtoa, ukiwa anapewa kuwa ndio chakula chake. Na hapa pana jambo la kuangaliwa, kwani wako mama na bibi wanaomwanzishia mtoto uji kabla hajafika hata miezi minne, kwa kusema kwamba maziwa hayamshibishi. Waganga wa hospitali husisitiza maziwa ya mama peke yake hata miezi 6, kwa afya ya mtoto. Na mama anayewasikiliza hupata na faida hii ya pili, ambayo waganga hawakuikusudia.

Kadhalika Mtume alisali hali amembeba Umama, binti wa Zaynab, mjukuu wake. Akisujudu humweka chini, akisimama humchukua. Wanavyuoni walifahamu kwa khabari hii kwamba nguo na mwili wa mtoto huhukumiwa kuwa ni safi mpaka ionekane najisi kwa yakini, wala haitoshi dhana. Mama wengi wa Kilosa huzihukumu nguo zao kwa dhana: mtoto amelala mapajani, basi nguo imekwisha kuwa najisi! Tena liko doa la manjano libakilo katika nepi baada ya kufuliwa kwa sabuni na kusuguliwa. Mwanamke huliona akasema kwamba haikutakata. Doa la namna hiyo, likibaki rangi peke yake baada ya juhudi, limesamehewa. Na katika madhehebu ya Imamu Malik mwenye kunyonyesha hupewa nafasi pana zaidi: akijitahidi kujikinga, kimpatacho baada ya juhudi yake kimesamehewa, na hupendekezwa awe na nguo ya kando kwa ajili ya sala. Hilo la nguo ya kando hapana atakayeligombania, awe wa madhehebu gani. Doti moja ya khanga iliyotundikwa juu ya ukuta, isiyopakatiwa mtoto wala kulaliwa, imekwisha kuondoa nusu ya udhuru wa miaka kumi.

Mambo haya yote yamo katika mlango wa tahara, ulio mwanzo wa vitabu vya fikihi, navyo husomwa darasani na wanaume. Wao huupita mlango huo upesi, kwani hapana mtoto anayewakojolea. Ilimu imekaa kwa asiyeihitaji, na anayeihitaji yuko uani anafua.

Lakini ilimu peke yake haifui nguo, na hapa ndipo palipo uzito wa maneno haya.

Wazee waliita winda. Watu wa leo huita nepi. Kilosa haikuwa na upungufu wa kitambaa tangu zamani. Bonde la Mkondoa lilikuwa njia ya misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Unyamwezi, na katika mizigo iliyopita humo vichwani mwa wapagazi mingi ilikuwa ni merikani, nguo nzito ya pamba iliyoletwa Unguja na merikebu za Salem ya Marekani. Wakati wa Wadachi pamba ililimwa Kilosa kwenyewe. Basi mtoto wa nchi hii amevikwa pamba kwa vizazi vingi, mara nyingi kipande cha khanga ya mama yake iliyochakaa, na haikuwa aibu. Pamba iliyofuliwa mara nyingi hunywa maji kuliko iliyo mpya, kwa hiyo hiyo kuukuu ndiyo bora.

Iko nepi ishonwayo kwa ustadi zaidi: kipande cha pembe nne, urefu wake umezidi upana, chenye tabaka 4 kila upande na tabaka 6 au 8 katikati, ili palowapo zaidi pawe pazito zaidi. Hukunjwa mara tatu kwa urefu, ikapitishwa miguuni mwa mtoto na kufungwa kwa pini. Fundi yeyote wa cherehani aweza kuishona kwa shuka kuukuu. Ina faida kwa usiku, kwa kuwa haivuji upesi. Ila yake ni kwamba haikauki upesi vile vile. Katika masika, Machi hata Mei, mvua ya milima ya Usagara inapokaa juu ya mji siku tatu mfululizo, nepi ya tabaka 8 hunuka kabla ya kukauka. Hapo kitambaa kimoja kipana, kikunjwacho wakati wa kuvaliwa na kukunjuliwa wakati wa kuanikwa, huishinda. Wala nepi mbichi haifai kuachwa kivulini. Yuko nzi atagaye mayai yake katika nguo yenye unyevu, zaidi ile yenye harufu ya mkojo, na mabuu yake huingia katika ngozi ya mtoto yakaota kama majipu. Dawa yake ni jua kali, na baada ya jua ni pasi ya mkaa yenye moto, ipite juu ya kitambaa pande zote mbili. Katika madhehebu ya Shafii jua peke yake haliitahirishi nguo, huikausha tu. Pasi vile vile.

Mtoto mchanga hulowesha mara 6 na kuzidi kwa siku, mchana na usiku. Kwa kuwa za leo hazijakauka kesho, mama hahitaji nepi chache kuliko 20. Na kufua kwake si kutia katika beseni na kutoa. Maji yakiwa machache, hayakufika kulateni, ambazo kwa makisio ya wengi ni zaidi ya lita 200, nepi yenye najisi ikitumbukizwa ndani yake hunajisika maji yote, na mama hubaki anafua najisi kwa najisi. Yapasa kwanza kinyesi kimwagwe chooni, kisha nepi isuuzwe, ifuliwe kwa sabuni hata uchafu uishe, na mwisho ishikwe juu, maji safi yamiminwe juu yake yakaipita na kuanguka. Maji ndiyo yaijiayo nguo, si nguo iyaendeayo maji. Hili likifahamika, ndoo moja ya mwisho yatosha nepi nyingi. Pamoja na hayo, kazi ya siku moja haipungui ndoo mbili tatu. Na katika mitaa ambayo ndoo ya maji hununuliwa, au huchukuliwa kichwani kutoka mbali, mwanamke aliyejifungua juzi anajua vema uzito wa ndoo hizo.

Katika arobaini yake anao wasaidizi. Mama yake amekuja, shangazi amekuja, jirani huleta uji wa pilipili manga. Siku ya arobaini huondoka wote, na kwa wengi karibu na siku hiyo ndipo sala inaporudi kumlazimu, damu inapokatika. Wajibu umeingia kwa mlango mmoja, na mikono ya kumsaidia imetoka kwa mlango mwingine.

Na mume yuko wapi? Mume amevaa kanzu nyeupe, anakwenda msikitini. Kanzu hiyo imefuliwa na mwanamke yule yule, kwa maji ambayo yangalitosha nepi sita. Anasimama safu ya kwanza. Akiulizwa na Shehe, "Mama watoto naye anasali?" hujibu kwa upole, "Ana mtoto mdogo, Shehe," na Shehe hunyamaza. Yafaa Shehe asinyamaze. Yafaa amwulize, "Na maji ya kufulia huteka nani?"

Kwani kwa madhehebu ya Shafii utumishi wa nyumbani haukuwekwa juu ya mke kwa akidi ya ndoa. Akipika na kufua, hayo ni wema wake. Wako wanavyuoni waliosema kwamba ni wajibu juu yake kwa kadiri ya desturi ya watu wa mahali, na kauli yao ina nguvu kwa wengi. Mtu achukue kauli aitakayo. Hata huyo anayesema kwamba kufua ni juu ya mke hakusema kwamba na kitambaa ni juu yake, na sabuni, na bei ya maji. Matumizi ya mtoto mdogo asiye na mali ni juu ya baba. Katika Sura ya Talaka baba ameamrishwa kumpa ujira mke aliyemwacha, akimnyonyeshea mwanawe. Ikiwa maziwa yatokayo kifuani mwake mwenyewe yana ujira, itakuwaje maji yatokayo kisimani na sabuni itokayo dukani! Baba anunuaye nepi nne siku ya akika, akaona ametimiza, amefanya kama mtu aliyejenga msikiti bila ya kuchimba kisima.

Yasemwa kwamba wako baba wasio na kitu: mchukuzi wa mizigo katika kituo cha Mikumi, kibarua wa mkonge wa Kimamba, mlima mpunga aliyepoteza shamba lake kwa maji. Kweli wako. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010, Mkondoa ulipofurika ukaingia mjini Kilosa, yaliwatoa maelfu katika nyumba zao wakakaa kambini. Na mwanamke aliyekaa katika hema na mtoto wa wiki tatu hakuwa na kamba ya kuanikia wala pahala pa kuifunga. Huyo taabu yake i dhahiri, na sheria hulegea panapobana: asali kwa hali aliyo nayo kwa kuheshimu wakati, kisha airudie sala atakapopata tahara. Lakini baba maskini wa siku za kawaida hakunyimwa mikono. Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ulipofika alitoka. Alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake. Mwanamume wa Kilosa anayeona haya kuonekana na ndoo ya nepi mbele ya jirani, na ajiulize anamwonea haya nani, na sunna anayoifuata ni ya nani.

Hapa mtu wa Mikumi atasema kwamba taabu hii imekwisha. Madukani ziko nepi za kutupa, ambazo watu huziita pampasi kwa jina la zile za Pampers zilizotolewa Marekani mwaka 1961, nazo huuzwa hata moja moja kwa asiyeweza kununua pakiti. Mwenye safari ya basi, na mgonjwa, na aliyekosa maji siku hiyo, hana lawama kuzitumia. Lakini zina hadaa mbili. Ya kwanza ni kwamba huwa kavu kwa nje hali ndani zimejaa. Mama humfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, akasimama kusali, na nguo yake ni safi kweli. Ila amebeba najisi, na mwenye kubeba najisi katika sala, kwa Mashafii, sala yake haikusihi. Amlaze mtoto kando ya msala, au ambadilishe kwanza.

Ya pili ni kubwa zaidi, nayo hupita juu ya nyumba yake ikawafikia wengine. Nepi ya kitambaa lazima isafishwe, kwa hiyo kinyesi chake hupata kwenda chooni. Ya kutupa hutupwa pamoja na kilichomo: nyuma ya nyumba, katika korongo, kando ya njia, na mtoni. Husemwa kwamba kinyesi cha mtoto mchanga si kitu. Si kweli, maradhi ya kuharisha hutoka humo kama yatokavyo katika cha mtu mzima. Katika nchi ya Kongwa, isiyo mbali na Kilosa, waganga wameshughulika miaka mingi na maradhi ya macho yaitwayo vikope, na nzi aenezaye maradhi hayo huzalia katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi. Tarehe 1 Juni 2019 Serikali ya Tanzania ilikataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu. Pampasi, ambayo nayo ina plastiki ndani yake, haikuguswa, na mbwa huiburuta mpaka mlangoni mwa jirani.

Mwenye kujua fikihi kidogo huweza kujitetea kwamba maji ya Mkondoa ni mengi kupita kulateni, hayanajisiki ila yakigeuka rangi au tamu au harufu. Ni kweli, mto haukunajisika. Lakini hukumu ya maji si hukumu ya aliyetupa. Mtume amekataza mtu asijisaidie penye maji ya watu, wala katikati ya njia, wala penye kivuli wanapopumzika, na akaonya kwamba mambo hayo huleta laana. Wala hakuna aliyesema kwamba laana hiyo huondoka ikiwa uchafu umefungwa katika plastiki. Maji ya Mkondoa huingia katika mto Wami, na katika Wami hutekwa maji ya kunywa ya watu wa Chalinze. Mama wa Kilosa aliyetakasa nyumba yake kwa njia hiyo ameihamisha najisi kutoka mapajani mwake akaitia katika mtungi wa mwanamke asiyemjua, mwenye mtoto kama yeye.

Basi katika zile sala 12,000 fungu moja ni la mama, kwa kuwa hakuuliza. Fungu moja ni la wenye ilimu, kwa kuwa hawakusema ila la kutisha. Na fungu lililo kubwa ni la baba, aliyekuwa na sala yake kila siku juu ya mgongo wa mtu aliyekosa yake. Mbele ya sheria, lakini, deni la sala halilipwi na mtu kwa niaba ya mtu aliye hai. Mama atazilipa mwenyewe. Walioulizwa khabari hii huelekeza kwamba kila baada ya fardhi ya wakati asali na moja ya kadha, adhuhuri kwa adhuhuri, alasiri kwa alasiri, mpaka akisie kwamba zimekwisha. Kwa hesabu iliyotangulia hiyo ni kazi ya miaka kama 7. Katika miaka hiyo huenda akazaa tena, na kamba ya uani itajaa nepi tena. Nalo deni la baba ni la kila siku: ndoo zijae kabla ya alfajiri, sabuni iwepo, nepi ziwe 20, na mtoto apakatwe na yeye mpaka mama atoe salamu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.